Jagam wa Kiwanda cha Bondeni

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Kitabu hiki ni cha mwaka jana. Kampuni moja ya mbolea iliwagawia watu wa ofisi, hakuna aliyekiandika, nami nimekiokota kabatini. Tarehe zake zote zimekosea, kwa hivyo nitazikata zake na kuandika zangu. Mke wangu Dolphine ndiye amesema niandike. Anasema ni afadhali niambie karatasi ninachoogopa kuliko kumwamsha yeye, kwa sababu ana mimba ya miezi sita na mimi huwa naogopa vitu vingi.

Kwa yeyote atakayekisoma: mimi ni Phelix Amolo, fundi wa kompyuta katika kampuni ya majani chai. Tumehamishwa kutoka ofisi kuu, upande wa Kericho, tukaletwa hapa Kiwanda cha Bondeni, ng'ambo ya mto, upande wa Bomet. Tumepewa nyumba ya kampuni, vyumba viwili na paa la mabati. Mtu akifutwa kazi hapa hutoka kwenye nyumba siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo na hakuna anayeuliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mashine zimefika, nazo hazina diski ndani. Ni skrini, kibodi na kisanduku kitupu. Zikiwashwa hazijui lolote, hata jina lao. Kila moja hupiga kelele kwenye waya: mimi ni nani, nipeni anwani. Mashine kubwa iliyoko ofisi kuu ndiyo inayojua majibu. Shida ni kwamba kelele ile haivuki mto. Mtandao wa Bondeni ni boma lake na wa ofisi kuu ni boma lake, na katikati pana kifaa kinachopitisha barua zenye anwani tu. Sasa asiye na anwani atamwandikiaje mwenye kuzigawa?

Dawa yake ni kuweka mashine moja hapa Bondeni iwe mshenga. Nimetumia kompyuta kuukuu na kuiweka kwenye stoo kavu iliyo kati ya korido na ofisi ya meneja. Inasikia kelele za wenzake, inapeleka kila ombi ofisi kuu kwa jina, inarudi na jibu. Mashine ikishapata anwani inajitegemea, na siku hiyo haimhitaji mshenga tena mpaka izimwe. Kwetu Ujaluo mtu wa kwenda na kurudi kati ya nyumba mbili kabla ya ndoa tunamwita jagam, nami nimeiita hivyo.

Cherotich, karani mkuu, alinichungulia nikifunga nyaya. Ni mwanamke mrefu asiyecheka.

"Hiyo Jakam yako inakula stima sana?" akauliza kwa matamshi ya Kikipsigis.

"Kidogo tu, madam. Tena nimeipa betri ya akiba. Stima ikipotea, yenyewe haizimi."

"Na hiyo taa nyekundu?"

"Inawaka stima ikipotea. Ni kuonyesha iko kwa betri."

Aliitazama, akaenda zake. Ufunguo wa mlango wa korido tunao wawili tu, mimi na yeye.

Ijumaa, 10 Oktoba

Zimeamka zote kumi. Nimekula chapati tatu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Redio inasema mvua ya mwaka huu si ya kawaida na imepewa jina la kigeni. Hapa kwetu mvua ya mawe ni ya kila wiki hata bila jina.

Jumatatu, 20 Oktoba

Dolphine ametokwa na damu. Nilimbeba mpaka dispensari ya kampuni nikiwa nimevaa kiatu kimoja, na sikujua mpaka askari wa geti aliponiuliza kingine kiko wapi. Sista Janeffer alimpima kwa muda mrefu huku mimi nikisimama nje na kuhesabu mabati ya paa.

"Mtoto yuko," akaniambia. "Lakini huyu mama alale. Asiinue maji, asifue, asipande gari. Hii barabara ikimrusha mara moja tu, mtawapoteza wawili. Atazalia hapa hapa. Umenisikia, baba?"

Nimesikia. Kwa hivyo sasa mambo ni rahisi kuyaandika: Dolphine lazima akae kwenye kitanda kile, katika nyumba ile, mpaka Januari, na nyumba ile ni yetu maadamu mimi nina kazi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Alasiri ngurumo zilipiga, stima ikapotea kidogo ikarudi. Mashine zikazimika zote. Ziliporudi hazikuamka. Skrini nyeusi, kumi kwa safu, zinauliza mimi ni nani na hakuna wa kujibu. Nje wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia ya majani mabichi kwenye mvua. Amri ya makao makuu ni kwamba hakuna kupima majani bila mashine.

Nilikimbia stoo. Jagam alikuwa anawaka, lakini kimya kama mtu aliyekasirika. Nilipomgusa alikuwa moto. Nikamzima, nikamwasha, wote wakaamka. Kwa nini aliganda sijui.

Jumanne, 28 Oktoba

Tena. Ngurumo, stima, kimya, joto.

Ijumaa, 31 Oktoba

Tena, na leo nilikuwa ng'ambo ofisi kuu, daraja lilikuwa limefunikwa na maji, nikachelewa. Majani ya watu yalichemka ndani ya magunia yakawa mekundu, na majani mekundu hayapimwi, hutupwa. Mzee mmoja alimwaga gunia lake mlangoni mwa ofisi na kuketi juu yake.

Meneja wetu ni Bwana Bethwel Kipkirui. Ana digrii ya chuo kikuu, ana sauti ya padri, na hukaa na koti zito la sufu hata penye jua. Aliniita mbele ya makarani.

"Amolo, hii kitu ilikuwa inafanya kazi kule ofisi kuu. Imekuja kwako imekufa. Ni nini?"

"Sir, nachunguza."

"Chunguza haraka. Mimi sitaki kuambia wakulima mara ya pili majani yao yametupwa."



Jumatatu, 3 Novemba

Ondieki wa mizani, ambaye ni Mkisii na hupata habari kabla hazijatokea, ameniambia kuna karatasi ilibandikwa kwenye kioski cha njia panda. Inasema wageni warudi kwao kabla ya kura.

"Umeisoma mwenyewe?"

"Nimeisoma. Halafu watu walikuwa wanakutaja."

"Mimi?"

"Wanasema yule wa ziwa anazima mashine makusudi, majani ya wenyewe yaharibike. Ati mmetumwa. Mimi nimewaambia wewe hata kuku unaogopa."

Sikucheka. Mwaka wa tisini na mbili, wageni walipofukuzwa huku kwa moto, mjomba wangu alikuwa na duka Londiani. Tulimpokea na godoro moja lililoungua pembeni, na hadi leo hajawahi kutueleza njia aliyopita. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi naona majani kila mahali ninapotazama.

Dolphine sikumwambia.

Jumanne, 4 Novemba

Dolphine ameambiwa na jirani. Ameuliza tu kama ninakula mchana.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimebadilisha kila kitu kinachobadilishika. Waya mpya, kadi mpya, programu upya kutoka kwenye floppy. Nimekaa na Jagam siku nzima ya jua na hakuganda hata mara moja. Ngurumo zilipopiga Jumamosi nikiwa nyumbani, aliganda. Ikiwa mimi nipo stoo, mzima. Nikitoka, ngurumo ikija, anakufa.

Mashine haijui kama nipo. Mtu ndiye anayejua.

Nimeandika sentensi hiyo halafu nimekaa nikiitazama. Kuna mtu anaingia.

Jumanne, 18 Novemba

Wiki yote iliyopita tulikuwa na ngurumo, stima ilipotea karibu kila alasiri, na mashine ziliamka kila mara. Wiki hiyo hiyo meneja alikuwa mkutanoni Nairobi na Cherotich alikuwa kwao Chepseon akizika shangazi. Leo wamerudi. Leo alasiri Jagam ameganda.

Ufunguo tunao wawili tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeanza kumtazama Cherotich. Huniletea chai na haniangalii usoni. Leo aliuliza mke wangu anaendeleaje, na atajifungua lini. Kwa nini anataka kujua lini? Nilisema bado sana. Nikamwaga chai kwenye sinki alipotoka.

Jumatano, 26 Novemba

Daraja limebebwa na maji. Sasa njia ya kwenda kwetu ni kuzunguka, na kwenye mzunguko huo, Ondieki anasema, kuna vijana wanasimamisha magari na kuuliza watu majina yao matatu, wajue kabila. Huenda ni uongo. Ondieki aliwahi pia kusema meneja ana jino la dhahabu.

Jumatatu, 1 Desemba

Meneja amenipa neno la mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa na tulikuwa wawili tu.

"Zikikataa tena wakati wakulima wako hapo, hiyo siku unafunga vitu vyako. Si chuki. Mimi pia niko na watu juu yangu."

Nilitaka kusema mke wangu hawezi kupanda gari. Maneno yaliyotoka yakawa mengine kabisa.

"Sir, kuna mtu anaingia stoo. Nikiwa sipo, wakati wa mvua. Anagusa mashine."



"Ni nani?"

Nikamtaja Cherotich. Nilimtaja kwa jina lake lote, na ushahidi wote nikautoa, ufunguo, Chepseon, wiki ile. Nilitegemea akasirike. Badala yake uso wake uligeuka rangi ya jivu, akakamata koti lake kifuani kwa mikono miwili.

"Wachana na Cherotich," akasema polepole. "Hiyo jina usirudie mahali popote."

Nimeelewa. Ni mtu wake. Kabila halikatwi na kisu. Nilirudi nyumbani nikajaza sanduku nusu, nguo za mtoto juu, halafu nikalirudisha chini ya kitanda kabla Dolphine hajaamka.

Alhamisi, 4 Desemba

Jua. Mashine zote nzima. Nimeshukuru jua kama mpagani.

Ijumaa, 12 Desemba

Siku nane hakuna ngurumo. Leo mawingu yanakaa juu ya mlima.

Jumanne, 16 Desemba

Nitaandika yote.

Nilimwambia Cherotich naenda ofisi kuu kwa ile njia ya kuzunguka. Nikavaa koti la mvua, nikapita getini askari akiniona, nikazunguka nyuma ya boila na kuingia stoo kwa mlango wa korido. Nikajifungia, nikaketi nyuma ya rundo la magunia mapya. Nilitaka kumwona kwa macho yangu. Sikujua ningefanya nini nikimwona. Nadhani ningejificha zaidi.

Alasiri giza likaingia mchana. Kwanza upepo, halafu mvua ya mawe ikaanza kupiga paa hata nikaacha kusikia mashine za kiwanda. Halafu ngurumo. Moja ilipasuka karibu sana, stima ikapotea, na kwenye ule weusi ile taa ndogo nyekundu ya betri ikawaka. Stoo nzima ikawa nyekundu, na kioo cha dirisha kikawaka nayo.

Mlango wa korido haukutikisika. Uliofunguka ni ule mwingine, unaotoka ofisi ya meneja. Tangu Oktoba niliuona kila siku na haukuwahi kunipitia akilini, kwa sababu anayelalamika huwa hashukiwi.

Bwana Kipkirui aliingia akiwa ameinama, mkono mmoja juu ya kichwa. Alikuwa amevua koti lake. Radi ilipomulika nilimwona uso, na huo haukuwa uso wa meneja. Alipiga magoti mbele ya Jagam, akamtupia koti lote la sufu, akalikunja pande zote mpaka taa ikazimika machoni. Kisha akakaa sakafuni akilishikilia kama mtu anayemfunika mgonjwa. Alikuwa anasema kitu kwa Kikipsigis, haraka haraka, na katikati jina la mtu: Kipchirchir. Kipchirchir.

Basi hapo nikajua kila kitu. Kwetu pia mama yangu hufunika vioo radi ikipiga, na nguo nyekundu haivaliwi kwenye mvua, kwa maana radi hupenda chekundu na hupenda kinachong'aa. Hakuna mtoto wa huku asiyelelewa hivyo. Na kompyuta iliyofunikwa koti la sufu haipumui. Hupata joto, huganda. Ngurumo zikiisha meneja hulichukua koti lake, stima inarudi, mashine kumi zinauliza jina, na mshenga amezimia. Hakujua. Alikuwa anatufunika sisi sote kutokana na radi, halafu anatoka nje kunigombeza.

Ningebaki nimenyamaza mambo yangekuwa mengine. Lakini gunia liliteleza.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, sir. Amolo."

Mawe yalipiga paa.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, sir."

Alisimama. Alikuwa anatetemeka na alijua ninaona anatetemeka, hata kwenye giza lile. Mtu mwenye digrii, mzee wa kanisa. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa pale, kwa sababu aliyeonekana akiogopa hatamsamehe aliyemwona.

"Toka," akasema.

Nilitoka. Na sasa jambo la kuchekesha, ikiwa siku moja nitaweza kucheka. Dawa nilikuwa naijua, ni kuondoa koti tu. Lakini koti la meneja mimi siligusi. Jagam akaganda, mashine zikakataa, wakulima wakapiga kelele, na nilisimama kwenye korido nikiwa na ufunguo mkononi mpaka mvua ikaisha. Hakuniita, wala hakutaja lile neno lake la mwisho. Alipita mbele yangu bila koti kuelekea kwenye gari lake.

Jumatano, 17 Desemba

Nimefika kabla ya mtu yeyote. Nimekunja koti vizuri, nimeliweka kwenye kiti kando ya mlango wake. Halafu nimechukua plasta ya dispensari, ile ya kahawia ya vidonda, nikabandika juu ya taa nyekundu mara tatu. Hata ikiwaka haionekani. Dirisha nimelibandika gazeti.

Sijamwambia mtu. Hata Dolphine.

Ijumaa, 19 Desemba

Ngurumo, stima ikapotea, ikarudi. Mashine kumi zimeamka zenyewe kama watoto wa shule. Hakuna aliyenipongeza. Meneja alipita akaangalia skrini moja moja, asinitazame.

Jumatatu, 22 Desemba

Meneja hasemi nami. Huwatuma watu. Nikiingia anatoka. Zamani nilikuwa naogopa kufutwa kwa sababu mashine hazifanyi kazi, sasa zinafanya kazi na ninaogopa zaidi.

Jumatano, 24 Desemba

Cherotich aliniita kwenye chumba cha faili, akafunga mlango. 

"Sikia, Phelix. Mzee ameniita niandike ofisi kuu walete mtu mwingine wa kompyuta. Kutoka Nakuru. Wewe ukabidhi mwisho wa wiki ya kwanza ya Januari."

"Amesema kwa nini?"

"Hajasema. Amekaa tu anaangalia dirisha." Akashusha sauti. "Mimi nimechapa pole pole. Nimekosea makusudi, ikarudi, nikakosea tena. Na krismasi ofisi kuu haifunguliwi. Hiyo ndiyo nimeweza. Mke wako hawezi kukimbizwa, Janeffer ameniambia. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza siku zake."

Huyu ndiye niliyemtaja mbele ya meneja. Huyu ndiye niliyemwagia chai yake kwenye sinki. Nilitaka kumwomba msamaha nikashindwa hata kuanza, nikasema asante madam, kama mtu aliyepewa kalamu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Dolphine amekula wali akiwa amelala. Mtoto anapiga teke sahani.

Jumatatu, 29 Desemba

Siku ya kura. Mvua imenyesha mpaka masanduku yamechelewa, watu watapiga tena kesho. Nimepiga yangu nikarudi nyumbani kwa njia ya mashambani, nikipita katikati ya majani chai yaliyonifika kiunoni.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Redio inasoma hesabu ya kura. Ondieki amempeleka mkewe kwao Kisii. Aliniuliza mimi nangoja nini. Nikamwambia nangoja mtoto.

Jumamosi, 3 Januari

Dolphine alianza kusikia maumivu ya mgongo asubuhi. Janeffer alikuja, akasema bado, labda kesho, labda wiki ijayo, asitoke kitandani kwa vyovyote. Akaenda.

Alasiri mbingu zilikuwa nyeusi. Nilikuwa jikoni nachemsha maji nikasikia gari. Meneja haji kwenye laini za nyumba za wafanyakazi siku ya Jumamosi. Hakuwahi kuja nyumbani kwangu hata mara moja. Alisimama mlangoni akiwa na koti lake, na nilijua amekuja kusema kwa mdomo lile ambalo Cherotich alikuwa analichapa polepole. Nilifikiria lile sanduku chini ya kitanda. Nilifikiria mzunguko, vijana, majina matatu, na Dolphine nyuma ya pikapu ya mtu.

"Amolo. Nimekuja na maneno kidogo."

"Karibu, sir."

Alikuwa hajakaa bado. Mvua ya mawe iliangukia mabati yote kwa mara moja. Alitazama gari lake, liko hatua chache tu, na mwanga ukapasuka juu ya kiwanda. Akaruka ndani na kujibanza ukutani, mbali na dirisha. Nilimwona, naye aliniona nikimwona, mara ya pili. Nikashusha macho nikitafuta cha kutazama sakafuni.

Kutoka chumbani Dolphine akaita. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu stoo, naapa. Alijua tu kuna mgeni.

"Baba, hujafunika kioo! Na hiyo blanketi nyekundu ya mtoto iko hapo kwa kiti, itoe jamani! Mgeni anisamehe. Mimi hii ngurumo naiogopa mpaka nataka kulia. Niliogopa nikiwa mdogo na bado naogopa, mniwie radhi."

Aliyasema hivyo hivyo, kwa sauti, bila haya, mwanamke mzima.

Nilichukua blanketi nikalisukuma chini ya meza. Nilifunika kioo na leso. Mkono wangu ulipotoka kwenye kioo nilisikia nyuma yangu:

"Hata mimi, mama."

Nilifikiri nimesikia vibaya.

"Hata mimi naogopa," akasema tena, kwa nguvu kidogo ili asikike chumbani. "Mnisamehe."

"Basi kaa, Mzee," Dolphine akajibu. "Tuogope pamoja mpaka iishe."

Akakaa. Nilimpa chai, kikombe kikagonga meno yake. Ngurumo ilipopiga alifumba macho, na mimi pia nilifumba, kwani kusema kweli mimi huogopa kila kitu. Katikati ya mapigo akaanza kusema, bila kuulizwa, akitazama blanketi chini ya meza.

"Kipchirchir alikuwa mdogo wangu. Tulikuwa tunachunga ng'ombe. Mvua ikaja, baridi, akalia. Nikavua sweta nikampa." Akanywa. "Ilikuwa nyekundu."

Dolphine chumbani alisema "Uuui," polepole, kama wanavyofanya kwenye kilio.

"Kazini nikiona ile taa," akaendelea, "siwezi. Najua kitabu kinasema nini. Siwezi tu. Sikujua naua mashine. Nilipojua, nikaona afadhali uende mahali sikuoni."

 Nilisema, "Taa nimeifunika, sir. Na dirisha pia."

"Nimeona," akasema.

Mvua ilipungua ikawa ya kawaida. Akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Nilisimama naye. Sasa atasema, nikafikiri, mvua imeisha, sasa atasema.  Alifika mlangoni akageuka, na alichotazama ni ule mlango wa chumbani.

"Nilikuwa nimekuja na maneno," akasema. "Wacha yaende na hii maji."

Akaingia garini. Sikuamini. Nilikaa kwenye kiti alichokuwa amekalia, kilikuwa bado na joto.

Jumapili, 4 Januari

Huenda amebadilisha nia tena. Mtu hutubu Jumamosi na kukasirika Jumatatu. Nimelala na viatu.

Jumatatu, 5 Januari

Kazini. Cherotich amenionyesha ile barua ikiwa imeraruliwa mara mbili kwenye pipa. Nimemwambia nilichomfanyia tarehe moja Desemba.  "Nilijua," akasema. "Mzee aliniambia siku hiyo hiyo." Halafu akaniletea chai na akasimama hapo mpaka nikaimaliza.

Jumatano, 7 Januari

Uchungu umeanza asubuhi, mvua ikinyesha. Nimefukuzwa nje na Janeffer. Naandika nikiwa nimekaa chini ya upenu, na kila gari linalopita barabarani nasimama. Watu wanasema kuna moshi umeonekana upande wa juu. Wengine wanasema ni ukungu. Nimeuangalia na sijui. Namsikia Dolphine. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumatano, jioni

Msichana. Kwetu mtoto wa mvua ni Akoth. Janeffer anasema kwao huyo ni Cherop, ni jambo lile lile, na ataitwa yote mawili apende asipende. Dolphine amelala na kinywa wazi. Nimelitoa lile sanduku chini ya kitanda, nimetoa nguo za mtoto moja moja, nimezitundika kwenye kamba jikoni.

Gari lilisimama nje jua likizama. Nilienda mlangoni na fimbo. Alikuwa dereva wa kiwanda, ameleta mursik, maziwa ya mgando ya kumkaribishia mtu, kwenye kibuyu cha mama yake meneja, kimefungwa vizuri kwa majani. Hakusema kitu kingine. Nilimwuliza mara mbili kama ametumwa na neno lolote, akasema hapana, ni maziwa tu.

Mvua bado. Nimefunga mlango kwa komeo na kuegemeza meza. Hakuna aliyekuja kutuambia tuondoke.